Prosesa Niliyoikimbiza na Jina Ililolimeza

Tangu niache kazi, vijana wa chumba cha mitambo wamenipigia simu juu ya mambo mawili tu. La kwanza ni ufunguo wa kabati la nyaya, ambao sina. La pili ni hili: mtu anayeanza kazi ya kompyuta, je, inafaa ajaribu overclocking, yaani kuikimbiza prosesa kupita mwendo ambao kiwanda kiliiwekea? Kwenye simu nimekuwa nikijibu "Inategemea," jibu la mtu mwenye sufuria jikoni. Sasa wakati ninao. Jina langu ni Masika. Nimefanya ufundi katika redio moja ya hapa Goma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nitajibu kwa njia ninayoijua, kuanzia siku ya kwanza. Vyeo nitaviruka. Cheo hakijawahi kumfundisha mtu kushika bisibisi.

Siku ya kwanza nilikuja na diploma yangu ya elektroniki ndani ya bahasha ya plastiki, isije ikalowa. Mkuu wa mitambo, Papa Deo, hakuifungua. Aliniangalia viatu, akauliza:

"Wewe ni mutoto ya Butembo?"

"Ndiyo, papa."

"Kule mavumbi iko nyekundu. Ya huku ni ingine. Utaiona."

Akanipa brashi ya kupakia rangi, ya upana wa vidole viwili. Kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kusafisha vumbi ndani ya mitambo. Vumbi letu hapa linatoka kwenye mawe ya volkano. Ni jeusi, zito, na ukilisugua kati ya vidole linakwaruza kama kioo kilichosagwa. Linaingia kwenye swichi, kwenye feni, kwenye chai. Nilikuwa nikirudi nyumbani mtaa wa Katoyi jioni na kucha nyeusi, mama yangu mdogo akiniuliza kama redio ile inauza makaa.

Nilidhani Papa Deo ananidharau. Wiki ya nne ndipo nilipogundua kwamba naweza kufungua mtambo wowote wa nyumba ile na kujua, kwa kuutazama tu, mahali ambapo hewa inapita na mahali inapokwama. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa mdomo.

Kwa mdomo alinifundisha mambo machache. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na ukiandike. Ukimaliza kutengeneza, usiondoke. Kaa na mashine mpaka ipate moto. "Mashini ya asubui ni mugeni," alisema. "Bado eko na adabu. Umuchunguze saa tisa."

Kompyuta zilipokuja kuchukua nafasi ya kaseti, Papa Deo alikuwa tayari na mvi. Wengi wa rika lake walizikwepa. Yeye aliifungua ya kwanza siku ileile, akainama juu yake na miwani yake miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, akaniuliza: "Banasema iko na saa ndani. Saa iko wapi?"

Sikujua. Tulitafuta pamoja mpaka tukaipata, kidude cha chuma kidogo kuliko punje ya haragwe, kilichobandikwa kwenye kadi kubwa inayobeba prosesa na vidude vingine vyote. Kile ndicho kinachopiga mapigo, na prosesa inafanya hesabu zake kwa kufuata mapigo yale, ikiyazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Papa Deo alikuwa mwongoza kwaya parokiani kwake Murara, basi alielewa kwa njia yake. Akasema kwamba mpiga ngoma akiharakisha kidogo, kwaya itamfuata. Akiharakisha tena, bado itamfuata, lakini sauti ya tatu wataanza kumeza maneno, na wao wenyewe hawatajua, kwa sababu midomo inaendelea kufunguka.

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Redio yetu ilikuwa na kipindi cha watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa kukimbia vita. Mwenzetu Innocent, mwandishi aliyezaliwa kwenye milima ya Masisi, alikuwa akizunguka na kinasa sauti, anapita kwenye vijiji vya barabara ya kaskazini, anamwachia kila mtu dakika mbili aseme jina lake, anamtafuta nani, na anapatikana wapi. Kisha analeta sauti zile kwenye kompyuta moja tu ya chumba cha kuandaa vipindi. Pale zinasafishwa, zinabanwa zisijaze diski, na zinaunganishwa kuwa kipindi cha dakika arobaini.

Kompyuta ile ilikuwa nzito. Ukiiamuru imalizie kipindi, unaweza kwenda kununua mkate, ukarudi, ukaula. Kila Jumanne Innocent alikuwa anasimama mlangoni kwangu.

"Mama Masika, hii mashini iko nanizeesha."

"Ngoja."

"Mi nangoya. Njo vile nazeeka."

Wakati huo nilikuwa nimesoma kwenye mtandao, kurasa zikifunguka mstari kwa mstari, habari za watu wanaokimbiza prosesa zao. Nikatazama ya kwetu, nikakuta ni ya aina ile ambayo kiwanda kinaiacha wazi, kinamruhusu mwenye nayo abadilishe namba ya kuzidisha mapigo. Nawaambia ukweli, mikono iliniwasha. Kufupisha kazi ya Innocent kulikuwa sababu, ndiyo. Lakini kama Innocent angekuwa ameridhika, ningejaribu tu. Nilitaka kuona.

Nilimwambia Papa Deo. Alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu, na angeweza kukataa. Aliuliza maswali kwa nusu saa, macho yakimng'aa, kisha akasema: "Fanya. Lakini kwanza kwa ile ya kona."

Ya kona ilikuwa kompyuta nyingine, pacha wa ile ya Innocent, yenye prosesa ya namba ileile, lakini skrini yake ilikuwa na ufa, hivyo hakuna aliyeitaka. Nilianza nayo Jumatatu. Unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla mashine haijaamka vizuri, unaongeza namba moja, unaiwasha, unaipa kazi ngumu, unasoma joto. Ikivumilia, unaongeza tena. Namba ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita, na mimi nikasimama nikazunguka kiti. Ya nne ikagoma kuwaka kabisa, skrini nyeusi. Papa Deo akaja, akatoa ile betri ndogo ya duara iliyo kama kifungo cha koti, akangoja kidogo, akairudisha. Mashine ikaamka na mwendo wake wa kiwanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulicheka kama watu waliookota kitu barabarani.

Siku zile nne kwenye kona nilijifunza mengi juu ya kompyuta kuliko miaka miwili iliyotangulia. Nilijifunza kusoma joto, nilijifunza kwamba ukiongeza mwendo, mara nyingi lazima uongeze umeme kidogo, na umeme ule wote unageuka kuwa moto unaotafuta pa kutokea. Nilibandua feni, nikafuta pati ya zamani, ile dawa ya kupitisha joto, iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, nikapaka mpya. Kama hadithi ingeishia pale, ningewaambia vijana wote: jaribuni, ni shule nzuri.

Lakini Ijumaa asubuhi nilichukua namba zilizofaulu kwenye mashine ya kona, nikaziweka vilevile kwenye mashine ya Innocent. Nilijiambia prosesa ni za aina moja. Niliijaribu nusu saa, dirisha likiwa wazi, hewa ya baridi ikitoka upande wa ziwa, umeme wa mjini ukiwa umetulia. Ilikimbia vizuri. Kazi ya dakika kumi ikawa ya dakika tisa kasoro. Ndiyo, mmesoma vizuri: faida yote ilikuwa dakika moja na kidogo. Innocent aliniletea mandazi.

Siku kumi na tatu hapakuwa na tatizo lolote tulilolijua.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa. Kipindi kilikuwa kimerushwa Alhamisi jioni. Asubuhi, mlinzi akaniita mapokezi. Alikuwepo mwanamke wa miaka kama thelathini, viatu vyeusi kwa vumbi, kwa kuwa alikuwa ametoka Murara kwa miguu. Alisema jina lake ni Furaha. Hakukaa.

"Mama, jana nilisikia sauti ya papa yangu kwa redio yenu. Ni yeye. Anaitwa Bauma. Nilikuwa nawaza alishakufa. Lakini kule kijiji ya Kalengera eko kwa nani? Pale penye alisema, redio ilikata."

Nilimwambia labda redio yake ilipoteza mawimbi. Akasema jirani zake wawili walisikia vilevile. Nikampeleka kwenye chumba cha vipindi, Innocent akaitafuta sauti, akaicheza. Sauti ya mzee ilitoka, nzito, isiyo na haraka: "Furaha, mutoto yangu, ni mimi Bauma. Niko hapa Kalengera, niko nalala kwa..." Kisha mlio mdogo, tk, na kimya cha pumzi moja, halafu tk tena. "...mpaka siku ya Jumamosi, kisha nitaendelea mbele."

Furaha aliziba mdomo kwa mkono. Innocent akarudisha nyuma, akacheza tena. Tk. Akacheza mara ya tatu. Mahali palepale.

Kinasa sauti kilikuwa kimeshafutwa. Tulikuwa tunakifuta kila baada ya kunakili. Sauti ghafi nayo ilikuwa imefutwa baada ya kubanwa. Ilibaki ile moja tu, yenye shimo. Innocent alikumbuka amewanasa watu kumi na wanne siku ile pale Kalengera, kando ya barabara, na mzee mmoja mwenye kofia. Nyumba hakukumbuka. Na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Nilijua ni ule mwendo kabla ya kufungua chochote. Nilifungua hata hivyo. Vipindi vya siku kumi na tatu nilivisikiliza kwa kurukaruka, na ndani yake nikakuta ile tk mara sita. Zote zilitoka kwenye kazi za mchana, saa ambazo umeme wa mjini ulikuwa umekatika na jenereta ikipumua kwa shida, na chumba kimefungwa, kuta zake zimevalishwa sponji ili zisirudishe sauti. Mashine ya asubuhi ilikuwa na adabu. Mimi sikuwahi kuichunguza saa tisa.

Nilikwenda kwa Papa Deo, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea hasira. Alivuta kiti mbele ya mashine ile.

"Haikuzima?"

"Hapana, papa."

"Haikuandika kosa fulani?"

"Hapana."

"Ipe sauti moja, ile ile, mara tatu. Tuone."

Niliipa. Sauti moja, amri moja, mara tatu. Faili mbili zilitoka sawasawa. Ya tatu ilikuwa tofauti. Hesabu ileile, mashine ileile, jibu lingine, na kwenye skrini mstari uleule wa kijani unaosema kazi imekamilika. Papa Deo alitazama mstari ule kwa muda mrefu. "Inakosea," alisema polepole, kama mtu anayekutana na mnyama asiyemjua, "na yenyewe haijue." Nami, pamoja na aibu yangu yote, nilikuwa nimeinama karibu naye nikitaka tuirudie mara ya nne. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Mwanamke alikuwa anasubiri mapokezi, na sisi wawili tulikuwa tunatamani kuona tena.

Papa Deo ndiye aliyezinduka kwanza. "Rudisha mwendo ya kiwanda. Kisha kesho muende na ule mama kule Kalengera. Wewe pia."

Tulitoka na gari la redio Jumamosi mapema: Innocent akiendesha, Furaha mbele, mimi nyuma. Tuliuacha mji. Kisha Furaha akageuka akaniuliza, bila ukali, ni nini hasa kilichoharibika. Ningeweza kusema "mashine." Nilimwambia niliibadilisha mimi ili iende haraka, na nilikuwa sijaijaribu vya kutosha. 

"Na ilienda haraka?"

"Kidogo."

Akageukia mbele tena. Sijawahi kupata lawama iliyoniingia kama swali lile.

Njia nzima nilikuwa napanga tutakavyofanya: tuanze na kanisa, tuulize chifu, tupite nyumba kwa nyumba. Tulipofika Kalengera hatukuuliza mtu. Pale ambapo magari yanayotoka Goma hupunguza mwendo, kando ya wauza viazi, mzee mwenye kofia alikuwa ameketi juu ya jiwe, mfuko wake kati ya miguu, akitazama kila kioo cha gari kinachopita. Furaha alifungua mlango kabla Innocent hajasimama vizuri.

Yaliyotokea pale barabarani ni yao, sitayaandika. Wauza viazi waliacha kuuza. Innocent, ambaye amesikia maelfu ya habari za huzuni bila kupepesa, alienda kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida.

Baadaye Muzee Bauma alikuja kwangu, akiwa amemshika binti yake mkono kama mtu aliyeshika tiketi. Innocent akamwambia mimi ndiye fundi.

"Ni ninyi batu ya redio?" akauliza. "Mulikula jina ya nyumba."

"Ni mimi, muzee. Unisamehe."

"Nilikuwa nasikiliza kwa ile nyumba, kwa Mama Nyota. Nikasikia sauti yangu. Pale nasema Mama Nyota, hakuna Mama Nyota. Nikasema, sasa huyu mutoto atakuya na hatajua mulango. Basi nikakuya kukaa hapa. Gari yote ya Goma inapita hapa."

"Tangu lini, muzee?"

"Tangu jana asubui. Usiku nilirudia kulala. Leo, ata Jumamosi ipite, nilikuwa nangoya tu."

Kompyuta ya chumba cha vipindi ilikuwa imekosea bila kujua. Mimi nilikuwa nimepitisha bila kusikia. Mzee asiyekuwa na chombo chochote isipokuwa redio ya mwenyeji wake alisikia kosa mara moja, akajua nani ataumia, akalirekebisha kwa miguu yake. Nilimwambia kwamba nilitaka mashine ikimbie. Akaniuliza, kwa hamu ya kweli ya kujua, kama mashine zinachoka. Tulikaa juu ya mawe mawili, nikamweleza kuhusu moto na umeme na mapigo. Alisema ng'ombe pia ukimkimbiza kwenda mnadani anafika, lakini anafika amekonda, na mnunuzi anaona. Nikamwambia tofauti ni kwamba yangu haikuonekana imekonda. Akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, ni mbaya zaidi.

Basi nijibu swali.

Baada ya siku ile kompyuta ya vipindi haikuguswa mwendo wake. Tuliongeza kasi yake kwa njia nyingine. Tulitoa diski ya kuzunguka, tukaweka ile isiyozunguka, tukaongeza kumbukumbu, tukafunga onduleri, ile betri kubwa inayonyoosha umeme kabla haujaingia kwenye mashine, na kila mwezi tukaipitishia brashi. Kazi ya dakika kumi ikawa ya dakika nne. Kama unachotaka ni kazi iishe mapema, anzia huko. Kukimbiza prosesa kunakuletea kidogo sana, na hapa kwetu, kwa vumbi letu na jenereta zetu, kidogo chenyewe kinayumba.

Lakini sikuacha. Nyumbani nilinunua mashine kuukuu, nikaikimbiza miaka mingi kwa raha zangu. Nimeua kadi kubwa moja na feni mbili. Nimejifunza kwamba prosesa mbili za namba moja hazifanani, kama ndugu wa mama mmoja wasivyofanana. Nimejifunza kuacha jaribio liendelee siku nzima, kwenye joto na kwenye umeme mbaya ninaoutumia kweli, na kulinganisha majibu badala ya kuuamini mstari wa kijani. Kwa mtu anayeanza, ninachosema ni hiki: ukitaka kujifunza, inafaa sana, na sijui shule nyingine ya bei rahisi inayokufundisha umeme, joto na subira kwa pamoja. Iwe mashine yako. Isiwe na sauti ya mtu mwingine ndani.

Wiki yangu ya mwisho kazini, fundi mwenzangu Esperance, ambaye sasa anakaa kwenye kiti changu, alitaka kuona kwa macho yake. Tulichukua kompyuta iliyokuwa inangoja kutupwa. Aliongeza namba moja moja, akiandika. Alifika mwendo ambao mimi sikuwahi kuufikia, akapiga kelele mpaka mlinzi akachungulia. Kisha akaipa kipindi kizima cha dakika arobaini ikimalizie. Mstari wa kijani ukatokea: kazi imekamilika.

Nilisubiri aniambie mashine ile ni nzuri.  Badala yake alivaa vipokea sauti, akafumba macho, akaanza kukisikiliza kipindi tangu mwanzo. Dakika ya tano alikuwa bado anasikiliza. Nilichukua mfuko wangu taratibu nisimsumbue, nikafunga mlango nyuma yangu.